Dada, daktari alikuuliza swali moja tu

Dada, shikamoo.

Simu hupokei, ujumbe unausoma unanyamaza, basi nakuandikia hapa. Najua utasema nimeianika tena familia.

Sijasahau kwamba ni wewe uliyetulea baada ya mama, na mdogo wetu mgongo wako anaujua kuliko wa mtu yeyote. Lakini ile jioni mdogo wetu alipolazwa, mimi na wewe nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, hainitoki. Daktari aliuliza, "Kuna kitu anatumia? Pombe, unga, vidonge?" Ukanitazama mimi kwanza, ukanikanyaga mguu, ukamjibu, "Hapana daktari, huyu kijana wetu ametulia." Nyonga imevunjika, ubavu umetoboa pafu, na wewe unalinda jina!

Unajua kilichofuata, ila hukutaka kukielewa. Mwili uliozoea unga, yaani heroini, kila siku hautulizwi na dozi ya kawaida ya mofini. Alipolia wakadhani anadeka. Arosto, yaani mateso ya mwili unapoukosa unga, huanza masaa 6 hadi 12 hivi tangu dozi ya mwisho, ikapamba moto siku ya pili au ya tatu: jasho, kutapika, kuharisha, moyo mbio. Daktari asiyeambiwa ataona dalili hizo afikirie nini? Damu inavuja ndani, au kidonda kimeingia vijidudu. Wakampima upya kila kitu, na mishipa ya mikono ilishaharibiwa na sindano, ikabidi wamwekee mpira wa shingoni. Usiku akauchomoa ule mpira wa kifuani waliomwekea kwa ajili ya pafu. Alikuwa anataka kuondoka, Dada, na pafu lile!

Ndiyo, mimi ndiye niliyemfuata daktari nikamwambia. Ukasema nimemvua nguo ndugu yangu. Nguo gani, mtu anakufa? Daktari hakushangaa wala hakutukana. Aliandika, akapandisha dawa ya maumivu, akamwanzishia methadoni, dawa ya kunywa inayotuliza arosto. Kesho yake mtoto alilala. Ningekutii wewe, leo tungekuwa tunagombania nini?

Na ninyi wengine mnaosoma, msidhani ni unga peke yake. Mlevi wa kila siku akilazwa na pombe ikakatika ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, kisha akaanza kuweweseka, na hali hiyo huua. Semeni mapema, pale pale mapokezi.

Nirudi kwako. Nimesikia unataka kumchukua akae kwako "apumzike na madawa yote," na mashangazi umewaambia methadoni ni unga kwa jina lingine. Siyo. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, na anayeinywa kwa kipimo cha daktari hupungukiwa sana na hamu ya kutafuta sindano. Ukimkatisha, arosto itarudi, naye ataurudia unga. Na mwili uliokaa bila dawa hausahau hamu, unasahau uzoefu: kipimo alichokuwa akikimudu zamani kinaweza kumzimisha pumzi.

Mchukue, kwako anapendwa na uji wako anaunywa hata akiwa amenuna. Ila kila asubuhi apelekwe kunywa dozi yake, na siku ukichoka nipigie, nitakuja kumpeleka mimi. Huna haja ya kunisalimia. Nitasubiri getini.