Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Arusha

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi amekwisha kuyaeleza mweka hazina. Mimi nitasema juu ya watu: waandishi wetu wa programu za kompyuta wanaoiacha Arusha.

Mwaka huu tena tumeaga wenzetu. Wapo waliohamia Dar es Salaam, wapo waliovuka Namanga kwenda Nairobi, na wapo wanaoishi hapahapa Njiro huku mwajiri wao yuko Ulaya. Akiondoka mmoja, lawama ni ileile: vijana hawana uzalendo. Siikubali. Taasisi ya Nelson Mandela iko hapo Tengeru, Chuo cha Ufundi kiko mjini. Watu wa kuandika programu tunao. Tunachokosa ni kazi ya pili. Nairobi kampuni changa ikifa, mtaalamu wake anavuka barabara anaajiriwa kwingine. Hapa ikifa, anarudi kwao. Mwenye watoto wa kusomesha hachezi kamari hiyo.

Off Grid Electric ilianzia Arusha, ikiuza umeme wa jua unaolipiwa kwa simu, kabla haijaitwa ZOLA. Lakini kampuni moja haifanyi soko la ajira. Tazameni Estonia, nchi ya watu milioni 1.3 hivi: Skype, programu ya kupiga simu kwa intaneti iliyotengenezwa huko, iliuzwa kwa eBay ya Marekani mwaka 2005, na waliotoka humo wakaanzisha kampuni nyingine. Taavet Hinrikus, mwajiriwa wa kwanza wa Skype, ni mmoja wa waasisi wa Wise, kampuni ya kutuma fedha nchi za nje. Makao makuu ya Wise yako London, sawa, ila Tallinn, mji mkuu wa Estonia, imebaki na ajira tele.

Mtaji? Benki inataka hati ya kiwanja. Programu haiwekwi rehani. Kwa hiyo kamati ilitafuta wateja kwanza. Tulizungukia kampuni za utalii, ambazo nyingi hulipia mifumo ya nje kwa dola. Mkurugenzi mmoja alituuliza: “Hao vijana wenu mwakani watakuwepo?” Liliniuma, lakini ni swali la haki.

Ile kamari ya kuacha kazi, Tunisia wameipunguza: kwa sheria ya mwaka 2018, mwajiriwa, hata wa serikali, anaweza kupewa likizo ya mwaka mmoja aanzishe kampuni, na nafasi yake ikamsubiri. Sheria hatuwezi kutunga, lakini humu ukumbini wamo waajiri. Ajenda namba nne inawaomba wakubali utaratibu huo kwa hiari, kwa maandishi. Fomu ziko kwa katibu.