Bwana Meya, tutembee kabla ya sahihi

Kwa Mheshimiwa Meya wa Mji wa Lubumbashi,

Heshima zako, Bwana Meya. Nakuandikia juu ya masalio ya kazi ya wazee wetu: reli zilizomezwa na majani, nyumba za kambi za Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni, kuta za karakana kuukuu. Siku hizi kila kiwanja mjini kina mnunuzi, na sijaona masalio haya yakiorodheshwa kabla ya kubomolewa.

Niruhusu nikueleze habari za mfereji mmoja wa Marekani, Chesapeake and Ohio. Ulianza kuchimbwa mwaka 1828 kando ya mto Potomac, kutoka Washington kwenda Cumberland, karibu kilomita 300. Nyumbu walitembea ukingoni wakivuta mashua za makaa ya mawe. Kwa kuwa nchi inapanda, yalijengwa malango 74: mashua inaingia kati ya milango miwili, maji yanafunguliwa, nayo inapanda pamoja na maji hadi ngazi ya juu. Lakini treni ilifika Cumberland mwaka 1842, mfereji ukafika 1850. Mafuriko ya 1924 yakaumaliza.

Serikali iliununua mwaka 1938. Baadaye ukaja mpango wa kupitisha barabara ya magari palepale, na gazeti la Washington Post likauunga mkono. Januari 1954 William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu, aliliandikia gazeti hilo barua ya wazi akimwomba mhariri watembee pamoja mfereji mzima. Machi wakaondoka kundi zima. Waliofika mwisho kwa miguu walikuwa 9, jaji akiwa mmoja wao. Gazeti likabadili msimamo. Barabara haikujengwa, na mwaka 1971 mfereji ukawa hifadhi ya kihistoria ya taifa. Leo watu wanapita pale kwa miguu na kwa baiskeli, na baadhi ya nyumba za walinzi wa malango hukodishwa kwa wageni wanaotaka kulala.

Ndani ya handaki la Paw Paw, uzio wa mbao ulio kando ya njia bado una mikwaruzo mirefu iliyochimbwa na kamba za mashua. Mgeni anaingiza kidole humo.

Na sisi je? Reli ilifika hapa mwaka 1910, tanuri likatoa shaba ya kwanza 1911. Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma walipigwa risasi na askari wa kikoloni katika mji huuhuu. Mumbunda, ule mlima wa mabaki ya tanuri, na shimeni, lile bomba refu la moshi, vinaonekana toka mbali, havisahauliki. Ninavyoviogopea ni vile vidogo. Kuna vipande vya reli ambavyo ukiinama unasoma ubavuni mwaka vilipotengenezwa. Kipande cha namna hiyo kikikatwa na kuwekwa kwenye mizani ya vyuma chakavu, hakirudi.

Sikuombi fedha nyingi. Naomba hati ya kiwanja chenye masalio hayo isitiwe sahihi kabla watu wa Makumbusho na wanahistoria wa Unilu, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, hawajapita, wakapiga picha, wakaandika maneno ya wastaafu wa Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi Union Minière, na wa reli. Wazee hao wanapungua kila mwaka, Bwana Meya, na wao ndio wanaojua karakana ipi ilifanya kazi gani.

Nawe mwenyewe uje. Chagua Jumamosi moja asubuhi, tutoke gare, kituo cha treni, kwa miguu mpaka chini ya mumbunda. Tupe tarehe tu. Wazee nitawaita mimi.

Mkaaji wa komini ya Kenya, Lubumbashi