Msongamano na mtawanyiko: someni kabla ya Jumamosi

Habari za jioni, vijana wangu. Nimemaliza kusahihisha madaftari, na wengi bado mnachanganya msongamano na mtawanyiko wa watu. Tutulie hapo kwanza.

Msongamano ni hesabu: idadi ya watu gawanya kwa eneo. Sensa ya 2024 ilipata watu wapatao milioni 45.9 Uganda. Gawanya kwa kilomita za mraba 241,000 hivi, unapata kama watu 190 kwa kila kilomita ya mraba. Lakini ndani ya eneo hilo mmo sehemu ya Ziwa Victoria, Ziwa Kyoga na maji mengine. Ukiyatoa, inabaki ardhi ya takriban 200,000, na jibu linapanda hadi karibu 230. Kwa hiyo andikeni daima mmetumia eneo lipi, tafadhali.

Mtawanyiko unauliza: wako wapi? Kisoro, kusini-magharibi mwa nchi, kuna udongo wa volkano na mvua, watu wanalima hadi juu vilimani. Karamoja, kaskazini-mashariki, ni kukavu, wafugaji huhama na mifugo wakifuata maji na malisho.

Jumamosi tunaanza uhamaji. Waulizeni bibi na babu: familia yetu ilifikaje hapa, na kwa nini? Njooni na majibu yameandikwa.