Kuongeza Sponji Hakutaponya Mgongo Wako

Lalamiko tunalolisikia kila mara kwenye karakana yetu ya viti vya pikipiki ni hili: "Nimeleta kiti kiongezwe sponji, mbona mnanipima mikono?" Bei ikitajwa linafuata la pili, kwamba sponji ni sponji. Haya, tuelezane.

Sponji laini ni tamu ukiikalia dakika tano. Baada ya saa mbili barabarani imebonyea mpaka makalio yanagota kitako cha plastiki, nyonga zinalalia nyuma, kiuno kinajikunja, na kila shimo linapokelewa na pingili za chini za mgongo. Anayerundika kipande cha godoro juu ya kiti cha zamani anajiongezea balaa: yeye amepanda, usukani umebaki chini, kwa hiyo anainama na kuegemea viganja. Maumivu yanahamia mabegani. Kiti cha namna hiyo kikifika kwetu, kazi ya kwanza ni kubandua gundi ya mwenyewe, na muda huo nao unalipiwa.

Sisi tunavua kava na kuangalia mteremko. Kiti kinachoteremkia tangini kinakusukuma mbele, nawe unajizuia kwa mikono safari nzima. Hapo tunanyanyua mbele au tunachonga nyuma. Chini inakaa sponji nzito iliyoshindiliwa, juu tabaka laini la sentimita 1 hadi 2, si zaidi. Gundi ikikauka tunachonga, tunapiga msasa, unakalia, tunachonga tena, ndipo tunashona. Bei iko kwenye kuchonga huko.

Sasa mabega. Ukiwa umekaa sawasawa, viwiko vipinde kidogo na mabega yashuke. Mikono ya breki na klachi, yaani vyuma unavyovuta kwa vidole, ifuate mstari wa kiwiko hadi ncha za vidole. Ikiwa juu mno, kifundo cha mkono kinakunjika na bega linapanda nacho. Hilo ni la kulegeza bolti, kuzungusha na kukaza. Ukiwa na spana, lifanye nyumbani.

Usukani ukiwa mbali au chini, vipande vya kuunyanyua vya milimita 20 hadi 30 hutosha kwa wengi. Wapo wanaojifungia vya milimita 50 bila kugusa nyaya. Ukishafunga, washa injini ikiwa kwenye gia huru, geuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio ukipanda, waya wa eksileta unavutwa. Paipu ya breki ikikakamaa, usiondoke na pikipiki hiyo. Inahitaji paipu ndefu zaidi, na ndiyo maana bei yetu huitaja.

Bega la kulia likiuma peke yake, usikimbilie kiti: kagua kwanza waya wa eksileta, huenda umekauka na unashikilia eksileta kwa nguvu siku nzima. Begi la mgongoni nalo lihamie kwenye karia. Na hakuna kiti, hata chetu, kinachofuta haja ya kusimama na kujinyoosha kila saa moja au saa moja na nusu. Ganzi au maumivu yanayoshuka mguuni ni ya daktari, si ya fundi.

Siku ya kupimwa njoo na koti, buti na helmeti unayosafiri nayo. Koti nene hubadilisha jinsi mikono inavyoufikia usukani, nasi hatupendi kuchonga kiti kimoja mara mbili.