Wito wa harambee: tujenge chumba cha kifua kwa kifua kabla mvua za Septemba hazijarudi

Bwana asifiwe, wapendwa.

Tunaandika tena. Ni mara ya tatu mwaka huu kikundi cha akina mama kinanyosha mkono, na tumeshasikia utani wa kanisani kwamba mama katibu akishika kalamu, watu washike mifuko. Tumecheka, tumeona haya, na kalamu tumeishika vilevile, kwa ajili ya usiku mmoja wa mvua ya Aprili.

Mama mmoja wa hapa kwetu Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, alijifungua mapacha njiti, mimba ya miezi saba na siku chache. Mmoja alikuwa na kilo 1.6, mwenzake kilo 1.4. Kituo cha afya tunachokitegemea hakina kuveze, lile sanduku la joto ambalo wengi wetu tulilijua tukiwa bado Kongo. Mbarara ni mbali, na gari la wagonjwa lilikuwa limeondoka na mgonjwa mwingine. Mkunga hakubabaika. Aliwavua watoto, akawaachia nepi, kofia na soksi. Yule mdogo akamlaza wima katikati ya matiti ya mama yake, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande ili pua isizibwe, akamkaza kwa kitenge mpaka usawa wa sikio. Kisha akamnyanyua wa pili na kuuliza: baba yao yuko wapi?

Baba yao alikuwa nje, amejibanza ukutani, kwa sababu wodi ya wazazi haina hata pazia na mwanaume hawezi kulala katikati ya wake za watu. Wakampeleka kibarazani, nyuma ya wodi. Akavua shati, akafungiwa mwanawe kifuani, akaketi kwenye benchi la mbao. Bati la kibaraza kile linavuja kama chekecheke. Upepo ulipogeuza mvua, alisogeza benchi kwa visigino, mikono haimwachii mtoto. Tulipofika alfajiri na termosi ya uji tulikuta benchi limeishia mlangoni, limeziba njia. Mgongo wake ulikuwa umelowa chapachapa. Kifua kikavu, na mtoto amelala fofofo.

Alikaa hivyo usiku kumi na tisa. Mapacha wako hai, Jumapili iliyopita mmewaona wakiombewa mbele, wakipokezanwa na bibi zao kama mkate wa sikukuu.

Sasa kuna atakayesema: kama walipona benchini, chumba cha nini? Ndugu yetu, si kila mgongo ni wa baba yule. Mwezi Juni mama mwingine alivumilia siku tatu akiwa ameketi, ya nne akamfungua mtoto akamfunika blanketi, akajilaza sakafuni ili naye apumzike. Hatutaandika yaliyofuata. Mama huyo tunasali naye, na maneno haya atayasoma.

Tulimwomba mkunga atueleze kwa lugha yetu, akatueleza chini ya mti, baada ya zamu. Mtoto njiti hana mafuta chini ya ngozi. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 anaanza kuteketeza nguvu kidogo alizonazo ili apate moto tu, na za kunyonya na kupumua zinapungua. Wengine husahau kabisa kuvuta pumzi. Ngozi ya mzazi inampa joto, na kupanda na kushuka kwa kifua kunamkumbusha kupumua. Maziwa ya mama nayo huja vizuri zaidi akiwa na mtoto kifuani, hata kama kwa sasa anakamuliwa kwenye kikombe. Lakini mtoto lazima abaki wima usiku na mchana, kwa hiyo mzazi halali chali kama sisi. Analala nusu ameketi, mgongo umeegemea. Ndiyo maana benchi linamshinda mtu, na kitanda cha kawaida nacho hakifai mpaka kiinuliwe upande wa kichwa.

Wauguzi wanaita kangaruu, kwa yule mnyama wa Australia anayebeba mwanawe mfukoni. Jambo lenyewe halikuanzia kwa matajiri. Mwaka 1978, mjini Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine, wakilazwa pamoja kwenye sanduku moja na kuambukizana maradhi. Akawarudisha vifuani mwa mama zao. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania: watoto wadogo waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, badala ya kungoja kwanza hali itulie, walikufa wachache zaidi kwa asilimia 25. Na hospitali zile ziliweka vitanda vya akina mama ndani ya wodi ya watoto mahututi, wasitenganishwe. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likasema njiti wote wabebwe hivi, kwa muda wa saa 8 mpaka 24 kila siku. Saa 24 kwenye benchi, jamani!

Mzee mmoja wa baraza alituuliza kama ni heshima mwanaume kufungwa kitenge kifuani. Mkunga akamjibu kwamba kifua cha baba maziwa hakina, lakini moto kinao, na mama aliyepasuliwa juzi hawezi kubeba mapacha peke yake. Mzee alinyamaza, kisha akatoa shilingi 50,000. Baba Mchungaji naye alitukumbusha yule mwanamke wa Shunemu aliyemjengea nabii Elisha chumba kidogo, akakitia kitanda, meza, kiti na taa. Kwenye chumba kile kile mtoto wake alipolala amekufa, Elisha alijinyosha juu yake, mwili kwa mwili, mpaka nyama ya mtoto ikapata moto. Tumeisoma habari hiyo tangu shule ya Jumapili na hatukuwahi kuona kwamba kilichotangulia ni chumba.

Msimamizi wa kituo ameturuhusu kukijenga kibaraza kile kiwe chumba chenye kuta, paa jipya na pazia katikati, akina baba upande wao. Kituo kinahudumia wakimbizi na wenyeji vilevile, kwa hiyo majirani zetu Wanyankole tumewaandikia pia, na tayari wametoa mchanga na matofali. Hesabu yetu ni hii. Mabati 40 kwa 42,000 ni 1,680,000. Saruji mifuko 30 kwa 36,000 ni 1,080,000. Mbao na misumari 760,000. Vitanda vinne vya kuinuka kichwani, fundi wetu wa kuchomelea ametutolea bei ya 450,000 kimoja, jumla 1,800,000. Viti vitatu vya kuegemea vya akina baba 600,000, mapazia na mablanketi 300,000, mzani wa watoto 280,000, mafundi 900,000. Zote pamoja shilingi 7,400,000. Mkononi tuna 2,615,000. Zimebaki 4,785,000.

Tunajua mgao wa chakula umekatwa. Tunajua kuna nyumba zinazopika mara moja kwa siku, na kwa nyumba hizo tunaomba siku moja ya kubeba maji au kukanda udongo, si zaidi. Lakini wako wengine. Wenye maduka na wenye boda, mliahidi kwa sauti kubwa mwezi wa tano, tukapiga makofi, tukaimba. Ahadi zile zinafika 1,300,000 na hazijaingia. Majina yako daftarini. Hatutayasoma, tumekubaliana hivyo kwa kura, ingawa kura ilipita kwa tofauti ya mtu mmoja.

Na ninyi mliokwenda Marekani, Kanada na Australia: wanakwaya wenzetu, bado tunavaa sare mlizotuachia. Mwaka juzi mlinunua tenki la maji la kanisa ndani ya wiki mbili, na mpaka leo watoto wanachota hapo. Tunaona picha zenu za theluji. Mtu anayelipia joto la nyumba kila mwezi anaelewa baridi ni nini kwa mtoto wa kilo moja na nusu.

Fedha zinapokelewa na mweka hazina peke yake, kwa namba yake ileile ya siku zote, au mkononi kwa kuandikiwa. Kila mchango utapewa risiti, matumizi yatabandikwa mlangoni mwa kanisa kila Jumapili, na watia sahihi ni watatu, mmoja wao kutoka kituo cha afya. Ikibaki shilingi itanunua sabuni na kofia za watoto.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya Agosti, baada ya ibada ya pili, uwanjani. Mwenye mnada ni mzee yuleyule wa swali la kitenge, amejitolea mwenyewe. Leteni kuku, mayai, maharagwe, vitenge, chochote chenye bei. Akina mama wanaojua kusuka kofia, uzi upo, njooni Alhamisi.

Kitu cha kwanza kunadiwa kimeshafika. Ni mkungu wa matoke, mkubwa, wa baba wa mapacha. Ameuleta kwa baiskeli, na alipoambiwa asubiri siku yenyewe akasema hawezi, ana zamu: mdogo bado anakataa kulala mpaka awekwe kifuani. Tafadhali usiuzwe chini ya laki moja.

Katibu, kwa niaba ya kikundi cha akina mama