Kwa nini pikapu imekuwa nzito baada ya kubadilisha manifoldi

"Fundi, mmeniharibia gari." Mwezi huu tumeambiwa hivyo mara tatu, na mara zote tatu manifoldi ya kuvutia hewa, ile inayogawa hewa na mafuta kwenda kwenye silinda, ilinunuliwa na mteja mwenyewe, ikaletwa kwenye boksi, tukaambiwa tufunge tu. Wa mwisho alisimama mlangoni mbele ya wateja wengine akidai tumemla hela. Pale hatukubishana naye.

Pikapu yake ni V8, yaani silinda nane, ya kabureta, kazi yake kubeba mzigo na kuvuta tela. Manifoldi aliyoleta ni ya chumba kimoja: njia zote nane zinachota kwenye uwazi mmoja mkubwa chini ya kabureta, nazo ni fupi na zimenyooka. Kwa macho inapendeza kweli. Lakini ni ya mashindano. Nguvu yake huanza kuonekana kwenye mizunguko 3,000 hivi kwa dakika, wakati pikapu yenye mzigo inashinda huko chini ya hapo. Hewa ikipita polepole kwenye uwazi mkubwa, mafuta hayachanganyiki nayo vizuri. Ukikanyaga injini inakohoa, na mlimani gari linapanda kama limeshikwa kwa nyuma. Tulimwambia haya kabla hatujagusa spana. Akajibu, "Wewe funga, kaka, mimi ndiye ninayelipa."

Gari la kazi lifungiwe ya vyumba viwili. Njia zake ni ndefu, silinda nne zinavuta chumba hiki na nne kile, kwa kupokezana: moja ikivuta huku, inayofuata inavuta kule. Inasukuma tangu chini hadi mizunguko 5,500 hivi. Haina sura ya kupigia picha, basi.

Halafu hedi, kile kipande cha juu ya silinda ambacho manifoldi inafungiwa. Ukituambia "ni Chevrolet ya 5.7", yaani ya lita 5.7, bado hujatuambia kitu, maana hedi zake si za aina moja. Hedi za Vortec, zilizokuja na pikapu za mwaka 1996, zinashika manifoldi kwa boliti 8. Za zamani zina 12, na pembe ya boliti kuingilia ni nyingine. Kijana mmoja mwenye Vortec aliuziwa manifoldi ya boliti 12 kwa bei ya kutupa, akaona si taabu, akatoboa matundu mapya kwa drili huku manifoldi imekaa juu ya injini. Chenga za alumini zikaingia kwenye silinda. Alitujia kuomba gasketi, akaondoka na oda ya pistoni na ringi.

Kimo cha manifoldi nacho kinasahaulika, hadi boneti igome kufunga. Sisi kabla ya kuagiza tunabandika madonge ya udongo wa kuchezea watoto juu ya kifuniko cha filta ya hewa, tunafunga boneti taratibu, tunafungua, tunapima udongo uliobaki. Kwenye unene huo toa tofauti ya kimo kati ya manifoldi mpya na ya zamani, na ibaki nafasi ya sentimita mbili hivi, maana injini hujipinda kwenye maungio yake ukikanyaga.

Sasa lile la bei. "Boliti nane tu, mbona ufundi ghali?" Maji ya rejeta lazima yamwagwe kwanza, kwa sababu yanapita ndani ya manifoldi. Distributa, inayogawa moto kwenye plagi, inawekewa alama kabla ya kung'olewa, la sivyo gari haliwaki. Matundu nane yanazibwa kwa matambara tukikwangua gasketi ya zamani, na matambara yanahesabiwa yakiingia na yakitoka (tuliwahi kupokea gari la watu lililokuwa na kipande cha fulana kimenasa nyuma ya valvu). Boliti za Vortec tunazibana injini ikiwa ya baridi, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, hadi Nm 15. Hiyo ni nguvu ndogo sana. Mkono uliozoea nati za tairi hapo unang'oa uzi wa hedi.

Wanaokwepa gharama hiyo hupaka gundi ya silikoni kila mahali juu ya gasketi ileile. Silikoni mahali pake ni kingo za mbele na nyuma tu, juu ya bloku. Ukiizungushia matundu ya hewa, petroli inailainisha, inavimba, inanyonywa vipandevipande. Gari linaanza kumisi, yaani injini inakatakata, likiwa limesimama. Ukipuliza dawa ya kusafishia kabureta pembeni mwa gasketi na mlio ukabadilika, hapo hewa inaingia. Kuna uvujaji mwingine, wa upande wa chini, ambao dawa haiufikii: injini inanyonya oili, inatoa moshi wa bluu, na mtu anauziwa injini nyingine kwa kosa la gasketi. Hilo tumelikuta mara mbili.

Yule bwana wa mlangoni alirudi. Tumemfungia ya vyumba viwili kwa gasketi mpya, na ufundi tumemtoza wote, wa kufungua na wa kufunga. Ile ya mashindano iko kwenye rafu ndani ya boksi lake, aje aichukue.