Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: tunaomba nyumba ya sanaa ya mkoa wetu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo. Na kwa kwetu, mbukwenyi.

Nimeamua kuandika hadharani kwasababu hili jambo nataka na wananchi wenzangu walisome, wenye la kuongeza waongeze. Ombi lenyewe ni hili, Dodoma tunahitaji makumbusho ya sanaa ya mkoa. Kumbi za mikutano tunazo za kutosha sasa hivi, hoteli zinaota kila mtaa, ila nyumba ambayo mtu anaingia akaona na kusikia kazi za mikono ya Wagogo, Warangi, Wasandawe na Waburunge, na wenye kazi zao wapo humohumo wanafanya na kufundisha, hiyo mjini hapa mimi sijaiona.

Angalia tu suala la tembe. Ile nyumba ya paa la udongo lililolala, ambayo babu zetu wamezaliwa na kukulia ndani yake, ukitaka kumwonyesha mtoto wa mjini tembe iliyotunzwa na yenye maelezo yake inabidi umpandishe treni ya SGR mpaka Dar, pale Kijiji cha Makumbusho, ndo utaikuta nyumba ya Kigogo kati ya nyumba za makabila mengine. Kile kijiji kipo tangu 1967 na nawashukuru sana waliokianzisha, lakini Mheshimiwa, mtoto wa Dodoma asafiri kwenda pwani kuiona nyumba ya Kigogo? Vijijini huku kwetu bado zipo mojamoja, mwenyewe akishahamia kwenye bati basi mvua za misimu miwili zinaimaliza, na inaondoka bila mtu kuandika ilijengwa kwa miti gani, ng'ombe walilala upande upi, mama alisagia wapi.

Muziki nao hivohivo. Marehemu mzee Hukwe Zawose ni mtoto wa huku, Mwalimu Nyerere ndo alimwita Dar miaka ya 1960, baadae akafundisha sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia nzima na ilimba yake, kile kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze lake mpaka alipofariki 2003. Watu wa Ulaya wanamjua. Vijana wa Area C na Nkuhungu ukiwauliza wengi hawamjui, na siwalaumu, wangemjulia wapi? Hakuna chumba mjini hapa ambacho mtoto anaweza kuishika ilimba, akaelezwa kwanini fundi anaziba matundu ya kile kisanduku kwa utando wa buibui ili sauti ivume, halafu mtu aipige pale pale aisikie. Chamwino wanajitahidi, lile tamasha lao la muziki wa Kigogo ni jambo kubwa na wanastahili pongezi, ila tamasha ni siku chache halafu watu wanarudi shamba.

Halafu kuna Kondoa, na hapa ndo naumia zaidi. Michoro ya miambani ya Kolo na vilima vyote vile vya Irangi imeingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006. Ni miamba zaidi ya 150 yenye michoro, kuna watu wembamba warefu wenye nywele za ajabu waliochorwa kwa rangi nyekundu, kuna twiga, tembo, pofu, halafu juu yake kuna michoro myeupe ya baadae iliyopakwa kwa kidole. Maelfu ya miaka watu wa eneo hili wamekuwa wanachora! Na pale Mungomi wa Kolo wazee mpaka leo wanakwenda kufanya matambiko, kuomba mvua na kuombea wagonjwa, kwahiyo tusizungumze kama vile ni mambo yaliyokufa. Sasa nenda ukaone yanayotokea. Wapo wanaomwagia maji mwamba ili rangi ing'ae wapige picha, wapo wanaoandika majina yao, wapo wanaochimba chini ya miamba usiku wakitafuta eti hazina aliyoacha Mjerumani, na wakichimba wanaharibu udongo ambao ndo unaotunza habari za waliochora. Walinzi wa Mambo ya Kale wapo, wanafanya kazi ngumu, lakini eneo ni la zaidi ya kilomita za mraba elfu mbili, watalinda mangapi.

Mtu hatunzi kitu asichokijua. Mwaka 1951 akina Leakey, wale watafiti wa mambo ya kale, walikaa Kondoa wakainakili ile michoro kwenye karatasi, mwamba kwa mwamba, kwa vifaa vya zama zile. Leo tuna Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hapa, tuna vijana wenye kamera na kompyuta, hatuwezi kuwa na ukuta mmoja mjini wenye nakala za ukubwa wake halisi ili mtoto wa Kongwa au Mpwapwa ambae Kolo ni mbali kwake aione, aelewe, na siku akifika kwenye mwamba wenyewe ajue kwamba hapashikwi wala hapamwagiwi maji? Mwamba ubaki kwake na tambiko libaki kwa wenyewe, mjini tuje na nakala na maelezo yaliyokubaliwa na wazee wa huko.

Kuna kitu naomba nikiseme bila kuficha. Naogopa tukijengewa makumbusho ya vioo, vitu vimefungiwa kabatini na kikaratasi, mgeni anapita nusu saa anaondoka. Mzee mmoja ninaemfahamu huko Mvumi anatengeneza zeze kwa mkono wake, anachagua kibuyu mwenyewe, na siku hizi wanaonunua wananunua wakatundike sebuleni kama pambo, aliniambia wajukuu zake hawajui hata kulifunga nyuzi. Mzee kama huyu akipewa chumba, posho ya uhakika na vijana kumi wa kufundisha, hiyo ndo makumbusho ninayoiota. Na kina mama wa muheme, Mheshimiwa. Hawa tunawaita kila akija kiongozi, wanapiga ngoma juani masaa na masaa, msafara unapita na vioo vimepandishwa, wanapewa soda wanarudishwa kwenye lori. Ngoma ya wanawake, wanawake wenyewe ndo wapigaji, ni utajiri wa Ugogo, sisi tumeifanya kuwa ya kupokelea wageni tu. Ningependa wawe na siku yao kwenye nyumba hiyo, watu walipe kiingilio kuwaona, na hela iende kwao.

Najua utaambiwa fedha hakuna, maji kwanza, madawati kwanza. Ni kweli hayo yanahitajika na mimi mwenyewe mtaani kwetu maji ni ya mgao. Lakini Iringa walilichukua boma la Mjerumani wakaligeuza makumbusho ya mkoa mwaka 2016, hawakusubiri ghorofa jipya, na Wasukuma wana makumbusho yao ya Bujora miaka na miaka pale Kisesa, Mwanza. Sisi tangu serikali ihamie kwa nguvu 2016 na wizara kuhamia Mji wa Serikali Mtumba, kuna majengo mjini zilikoanzia ofisi nyingi kabla ya kuhamia Mtumba, na kuna nyumba za zamani za tangu reli ilivyofika 1910. Jengo moja la hivyo, lenye uwanja wa kutosha kujenga tembe moja ya kweli nje, linatosha kabisa kuanzia.

Tatizo ninaloliona mimi ni kwamba jambo hili halina mwenyewe. Mambo ya Kale yako Maliasili na Utalii, sanaa iko wizara ya Utamaduni, shule ziko TAMISEMI, viwanja viko Jiji. Kila mmoja ukimuuliza anakuelekeza kwa mwenzie, na wote wako hapahapa Dodoma, ni mwendo wa bajaji tu kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine. Mwenye uwezo wa kuwaweka kwenye meza moja ni wewe, ndo maana barua hii nimeiandika kwako na sio kwao.

Kwahiyo naomba uitishe hicho kikao kabla bajeti ya mwaka wa fedha ujao haijafungwa. Waje hao wa wizara, waje UDOM, na tafadhali waitwe pia wazee wa Kolo, Wasandawe kutoka Chemba, mafundi wa zeze na ilimba na kina mama wa muheme, wakae mbele na sio nyuma karibu na mlango, na wapewe nauli maana wengi wanatoka mbali. Kama kuna kazi ya kujitolea, kubeba viti, kuandika wanachosema wazee, kupiga rangi kuta, mimi nipo na wenzangu kadhaa wapo tayari.

Wako katika ujenzi wa mkoa wetu,
Mkazi wa Chang'ombe, Dodoma